Lile neno "tu"



*Nina miaka 33, naishi Morogoro. Nina watoto watatu: mmoja yuko darasa la pili, mmoja chekechea, wa mwisho ana miezi saba. Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni binafsi. Dada wa kazi wa tatu alipoondoka bila kuaga, mimi na mume wangu tulikaa tukapiga hesabu, tukakubaliana niache kazi nilee watoto. Ni mwaka mmoja na nusu sasa. Sikulazimishwa.*

*Kinachonisumbua ni kwamba ile furaha siioni. Kwenye simu nawaangalia akina mama Wakatoliki wa Marekani, wana watoto sita, saba, wanaoka mkate, wanasali rozari jikoni huku wanacheka. Wanasema huu ndio wito wa mama Mkatoliki, na anayeuacha amekosea. Mimi asubuhi naanza vizuri. Ikifika saa nne, vyombo nimeosha, nguo bado, mtoto analia, naona siku imesimama. Nimewahi kujifungia chooni nikalia.*

*Jumuiyani wakiniuliza nafanya kazi wapi, nawajibu niko nyumbani tu. Mama mkwe anasema shahada yangu imeliwa na nepi. Na mwezi uliopita tuligombana juu ya hela ya kusuka, mume wangu akasema, "Mimi natafuta, wewe unakula." Baadaye aliomba radhi, lakini neno limebaki moyoni. Shangazi, kukaa nyumbani ni wito kweli? Kama ni wito, mbona sifurahi? Au nirudi kazini?*

*Mama Watatu, Morogoro*



Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho limenasa kwenye neno moja dogo: "tu". Nalijua hilo neno, nimeishi nalo miaka tisa. Siku moja nilikwenda ofisi fulani kushughulikia karatasi za mtoto. Kijana aliyekuwa anajaza fomu akauliza, "Kazi?" Nikasema niko nyumbani. Bila kuinua macho akaandika: Hana. Mgongoni nilikuwa na mmoja, mkononi nimemshika mwingine, na nyumbani maharage yako jikoni, nimemwachia jirani anichungulie mkaa. Nikaiangalia ile "Hana", nikatia sahihi, nikaondoka. Kijana yule simlaumu sana. Niliyemlaumu ni mimi niliyetia sahihi.

Kazi hiyohiyo ukimwachia dada, mwisho wa mwezi unamlipa, na akichelewa kulipwa unajua unamdhulumu. Ukiifanya mwenyewe inageuka "tu". Wewe ni mhasibu, hesabu hiyo huwezi kushindwa kuiona.

Tuje kwenye wito. Hapa nitasema wazi, maana naona umechanganyiwa mambo. Wito wako ni ndoa. Ulipopokea sakramenti ile, wewe na mwenzio, mliitikia mbele ya paroko kwamba mtawapokea watoto na kuwalea. Mliitikia wawili. Kuacha kazi ukae na watoto ni namna moja ya kuuishi wito huo, na ni namna nzuri, lakini si sakramenti ya nane. Mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuuza mboga sokoni ili watoto wake wale, naye yuko ndani ya wito uleule.

Usiseme nimetunga mwenyewe. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II alitoa nyaraka mbili zilizofuatana, ya Septemba juu ya kazi, *Laborem Exercens*, na ya Novemba juu ya familia, *Familiaris Consortio*. Katika ile ya kwanza anadai mshahara wa mtu mmoja utoshe kulisha familia, au zitafutwe njia nyingine, kama posho kwa akina mama wanaojitoa kulea, ili mama anayetaka kubaki na wanawe aweze kubaki bila kubaguliwa wala kubanwa uhuru wake. Katika ya pili anasema mwanamke ana haki ya kushika kazi za jamii sawa na mwanamume. Halafu, hapohapo, anakemea fikra ya kumheshimu mwanamke kwa kazi ya nje kuliko kwa kazi anayoifanya ndani ya familia. Kwa lugha yetu sisi, Papa alikuwa anaikemea "tu". Lawama yake ameielekeza kwa jamii inayolipa mishahara ya kubahatisha na kuwadharau wanaolea. Mama anayekwenda kazini hakumgusa.

Na watakatifu wenyewe ukiwaangalia kwa karibu hawafanani na picha za kwenye simu yako. Mchukue mama yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu pamoja na mumewe Louis tarehe 18 Oktoba 2015. Huyu alikuwa na biashara yake ya lesi, ana wanawake wanaomfanyia kazi, ana wateja wa kuwajibu. Biashara ilipokua, mumewe, fundi saa, aliuza duka lake la saa akaja kusaidia ya mkewe. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne wakiwa wadogo. Barua zake zipo hadi leo, na ndani yake analalamika amechoka, kazi zimemwelemea. Teresa alipozaliwa Januari 1873, mama hakuweza kumnyonyesha, mtoto akadhoofu, ikabidi apelekwe kijijini kwa mwanamke mwingine amnyonyeshe. Akakaa huko kama mwaka mzima. Mama wa mtakatifu, mtakatifu yeye mwenyewe, alihitaji ziwa la mwanamke mwingine. Kumbuka hilo siku utakayoona haya kumwomba jirani akushikie mtoto nusu saa.

Gianna Beretta Molla, Mwitalia aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2004, alikuwa daktari wa watoto na aliendelea na zahanati yake huku analea wadogo watatu. Hata yule mke mwema wa Mithali sura ya 31, ambaye sisi wanawake Wakatoliki wa WAWATA tunasomewa habari zake hadi tumezikariri, hebu msome tena polepole: anakagua shamba analinunua, anapanda mizabibu kwa fedha aliyoichuma, anashona nguo na kuziuza kwa wafanyabiashara. Nyumba yake ni kiwanda.

Bibi zetu ndivyo walivyoishi. Bibi yangu alikwenda shamba na mtoto mgongoni, akarudi na kuni kichwani, jioni akakoroga pombe ya kuuza. Hakuna aliyemwita mama wa nyumbani, na hakuna aliyemwambia hana kazi. Jina "mama wa nyumbani" lililetwa na mshahara. Baba alipoanza kwenda mjini kurudi na bahasha mwisho wa mwezi, ndipo kilichokuwa hakiingii kwenye bahasha kikaacha kuitwa kazi. Unapoona haya jumuiyani, haya hiyo bibi yangu hakuijua.

Kuhusu wale wa kwenye simu, sina ugomvi na mkate wao. Nakukumbusha tu kwamba mtu anayejirekodi kila siku, akahariri, akatangaza unga na sufuria na kulipwa kwa idadi ya watazamaji, huyo yuko kazini. Anakwambia usifanye kazi na yeye yuko zamu. Dakika mbili za kucheka ndizo alizokuonyesha, saa kumi na nne nyingine zimebaki kwake. Wafute kwa muda. Kwaresima ikikukuta umeshawafuta, vizuri zaidi.

Sasa hiyo saa nne yako, ambayo ndiyo iliyonifanya nichague barua yako kati ya zilizofika mwezi huu.

Katika karne ya 4, huko jangwani Misri, aliishi mmonaki mmoja aitwaye Evagrius. Aliandika juu ya mawazo yanayomsumbua mtu aliyejitoa kwa Mungu, na mojawapo alilieleza kama pepo wa adhuhuri. Anasema pepo huyu humvamia mmonaki kuanzia saa nne na kumzingira mpaka saa nane. Na saa alizihesabu kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo saa nne yake ni hii hii yako. Anasema hulifanya jua lionekane halisogei. Humtoa mmonaki nje kila mara kuangalia kama saa tisa ya chakula imekaribia. Humchukiza mahali anapoishi, humchukiza kazi ya mikono, humkumbusha ndugu zake na maisha ya zamani, humwambia wenzake hawampendi.

Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima, watoto wamekwisha ondoka, na nilicheka peke yangu kwa sauti. Miaka yote ile nilidhani ni mimi ndiye mama mbaya. Kumbe mtu aliyekimbilia jangwani ili asali, asiye na nepi hata moja ya kufua, alikuwa anachungulia jua kama mimi nilivyochungulia saa ya ukutani. Kwa hiyo, mwanangu, uchovu wa saa nne hauwezi kuwa ushahidi kwamba huna wito. Umewakuta watu walioitwa kweli.

Dawa ya wale wazee ilikuwa kazi ya mikono, sala fupifupi, na kutokimbia chumba kwa sababu ya hasira ya saa hiyo. Ya kwangu nitakwambia ilivyokuwa. Nilikuwa naacha kuchambua mchele usiku, naubakiza kwa ajili ya saa nne. Natoka nje barazani na ungo, mtoto namweka kwenye mkeka na kifuniko cha sufuria cha kuchezea. Unautandaza mchele, unapitisha vidole, chuya huku, changarawe huku. Konzi moja, Salamu Maria moja. Mchele ukiwa mchafu rozari inakuwa ndefu. Jirani akipita anakaa, anaingiza naye mkono kwenye ungo, na sala inakatika, tunaongea habari za maji na bei ya mkaa. Zamani nilikuwa naungama kwamba nakatisha rozari kwa maongezi. Padre mmoja mzee akaniuliza, "Huyo jirani alikwenda akiwa mzito au mwepesi kuliko alivyokuja?" Sikuungama tena. Ikigonga saa sita, Malaika wa Bwana, kisha sufuria jikoni. Siku imeshakatika vipande viwili, na kipande ni rahisi kubeba kuliko gogo.

Wewe uko Morogoro, una mchele wa Kilombero mlangoni na Uluguru mbele ya macho. Toka nje saa nne. Ndani ya kuta nne na mtoto anayelia, hata malaika angejifungia chooni.

Ila kuna kilio ambacho ungo hautakitibu. Mtoto wako ana miezi saba tu. Kama unalia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi unakukimbia hata mtoto akilala, chakula hakipiti, au inakujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo inaweza kuwa sonona baada ya kujifungua. Ni ugonjwa na unatibika. Mwambie muuguzi unapompeleka mtoto kliniki, mwambie kama ulivyoniambia mimi, usisubiri akuulize. Fikra ya kudhuru ikija, siku hiyohiyo uende hospitali na mtu wa kukusindikiza. Asije mtu akakwambia usali zaidi, unapougua malaria pia hawakwambii usali badala ya dawa.

Furaha unayoitafuta ina mahitaji yake kama jiko linavyohitaji mkaa, na barua yako inanionyesha mahali mkaa ulipoisha. Nimeona hela ya kusuka.

Hapa naomba gazeti umpe baba watoto.

Baba, shikamoo yangu usiisubiri, nimekuzidi umri, lakini heshima unayo. Najua uliomba radhi, na mwanamume anayeomba radhi ana kitu cha kujengea. Ila sentensi ile si ya kweli, na ndiyo maana radhi peke yake haitoshi. Mlikaa wawili mkapiga hesabu, mkakubaliana mshahara mmoja uache kuingia ili watoto wawe na mama yao nyumbani. Toka siku hiyo mshahara wako ni wa watu wawili. Anayeomba hela ya kusuka anaomba sehemu ya mshahara wake.

Hata sheria imelijua hili zamani. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango wake katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa. Silitaji ili muanze kutishana kwa mahakama, Mungu apishie mbali. Nalitaja kwa sababu majaji waliona kile ambacho wewe siku ile ya hasira hukukiona.

Mkeo ni mhasibu, umebahatika. Jumapili baada ya Misa, watoto wakilala, chukueni daftari. Andikeni kinachoingia chote. Kodi, ada, chakula, sadaka na zaka, akiba. Kisha andikeni kiasi cha kila mmoja wenu, cha kutumia bila kuulizwa na bila kutoa risiti, hata kama ni elfu kumi. Mkinunua kiwanja, majina mawili kwenye hati. Na kama kabla ya ndoa ulizoea kwamba mwanamume haoshi vyombo, Papa Fransisko mwaka 2016 katika *Amoris Laetitia* aliandika kwamba mume anayechukua kazi za nyumbani na malezi hapungukiwi uanaume. Mzee Louis Martin aliiacha biashara ya mkewe itangulie ya kwake, na amewekwa altareni.

Nikurudie wewe, mama. Mama mkwe usimjibu kwa hoja. Yeye alijinyima ili mwanawe asome, na akikuangalia anaona ada inayofuliwa na nepi, ndiyo lugha yake ya kukuogopea njaa. Mpe mjukuu amshike, mwonyeshe lile daftari siku moja, atatulia. Asipotulia, mumeo ndiye wa kuongea na mama yake.

Kazini urudi? Usiamue sasa, ukiwa na donge la mwezi uliopita. Wekeni tarehe, wewe na mwenzio, labda mdogo atakapoanza chekechea, mkae tena na hesabu kama mlivyokaa mara ya kwanza. Ukiona siku hiyo moyo unakwenda ofisini, nenda, hutakuwa umemsaliti Bikira Maria. Ukiona unabaki, utabaki kwa kuchagua mara ya pili, na chaguo la mara ya pili hukaa vizuri zaidi kuliko la kwanza lililofanywa kwa sababu dada kaondoka. Mpaka hapo usiuache uhasibu uote kutu. Vikoba vingapi mtaani kwenu daftari zao zimevurugika? WAWATA wa kigango chenu, nani anawafungia hesabu za mwaka? Saa mbili kwa wiki, mtoto ukiwa umempakata. Wakikupa posho ipokee bila aibu.

Na pale jumuiyani, Jumamosi wakikuuliza tena, sema, "Nalea watoto watatu, na kwa fani ni mhasibu." Nyamaza hapo. Mdomo utataka kuongeza lile neno, ubane.

Halafu Jumamosi hiyo hiyo, jumuiya ikiisha, usirudi nyumbani moja kwa moja. Mwachie baba watoto uji wa mdogo kwenye chupa, mwonyeshe nepi zilipo, kazaliwa na mikono miwili kama wewe. Kasuke nywele, kaungame kama paroko yupo, kaonane na rafiki yako wa ofisini. Simu atapiga, swali la kwanza litakuwa sukari iko wapi. Mjibu, kisha endelea kusuka. Usirudi kabla ya saa tisa.